Mawingu Hayo ni ya Wapi?

Kijiji cha Makwasinyi kimekaa miguuni pa Mlima Kasigau. Ukitoka Voi unashuka na barabara ya Mombasa hadi Maungu, kisha unaiacha lami na kuingia kwenye vumbi jekundu. Watu wa Kasigau wanajulikana kwa kilimo cha kubahatisha mvua, kwa ugomvi wao wa miaka mingi na ndovu, kwa biashara ya hewa ukaa ya misitu yao iliyoanza kuleta fedha 2011, na kwa vikapu vya mkonge ambavyo akina mama husuka kwa vikundi na kuviuza hadi ng'ambo. Leo nawataka kwa jambo lisilotajwa sana, nalo ni picha zao.

Hoja ni nyepesi kuitamka na ngumu kuimaliza. Mtu anapigwa picha nje ya nyumba yake, juani. Picha inaingizwa kwenye kompyuta, inaguswa hapa na pale, inatoka imependeza. Ni mahali gani ufundi unakwisha na uzushi unaanza?

Picha ya kubishania tuiweke hivi. Nyanya wa miaka sabini na kitu ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake. Kikapu ambacho hakijamalizika kiko mapajani, nyuzi zinaning'inia. Ni mwanzoni mwa mwezi wa kumi, saa saba mchana. Nyuma yake ni mlima wenye mita 1,641, na juu ya mlima ni anga tupu. Picha inakusudiwa kusafiri na vikapu vya kikundi kwenda kwa wanunuzi. Mezani nimewaweka wanne: Nyanya mwenyewe, mpiga picha kutoka Voi, mwalimu mstaafu wa kijijini, na binti aliye mjukuu wa Nyanya na mwanafunzi wa chuo. Watu hawa nimewatunga. Mabishano yao sikuyatunga, maana yanasikika kila penye harusi, matanga na mahafali.

MPIGA PICHA: Nianze kwa kuwaonyesha picha kabla haijaguswa, ili tubishane juu ya kitu tunachokiona. Anga pembeni limeungua, limebaki weupe mtupu. Mlima umefifia kwa joto. Na uso wa Nyanya una mashimo mawili meusi mahali pa macho. Huu ni msimu ambao jua la huku linapita utosini, kwa hiyo paji la uso na pua vinakamata nuru yote, macho yanabaki gizani. Tena tazameni chini ya kidevu, pana rangi ya chungwa. Hiyo si ngozi yake. Ni udongo wetu unaorudisha nuru kutoka chini, udongo ule ule unaowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Sasa mwalimu ataniambia hii ndiyo picha ya kweli kwa sababu haijaguswa. Kuna mtu hapa aliyewahi kumwona Nyanya bila macho?

NYANYA: Ninayo, mwanangu, na yanaona. Kikapu hiki nakisuka bila miwani.

MPIGA PICHA: Umesikia, mwalimu. Basi nieleze nilichofanya. Nilipiga kwa faili ghafi. Picha ya kawaida ya JPEG hubeba ngazi 256 za nuru kwa kila rangi, lakini faili ghafi ya biti 14 hubeba ngazi 16,384. Maana yake ni kwamba macho ya Nyanya yamo mle gizani, yamerekodiwa, ila hayaonekani mpaka uyatoe. Sikuyachora. Niliinua vivuli, nikashusha mng'ao kwenye paji la uso, nikauchagua uso peke yake nikauongezea nuru, nikapunguza ule uchungwa wa kidevuni. Mlima nao nikauondolea ukungu. Hiyo ndiyo picha ya pili hapa.

MWALIMU: Hapo bado hatujagombana. Tutagombana kwenye kipimo. Leo umeuongezea uso nuru. Kesho mteja atasema, ongeza tena. Na kila ukiongeza, ngozi inazidi kuwa nyeupe, kwa sababu kwenye hiyo programu yako nuru na weupe vinaburutwa na kitufe kimoja. Utajuaje kwamba umeshapita?

MPIGA PICHA: Kwa mkono wake.

MWALIMU: Mkono?

MPIGA PICHA: Mkono ulio juu ya kikapu haukuwa kivulini. Jua limeupiga sawasawa na kamera imeusoma vizuri. Ngozi ni ile ile. Kwa hiyo natazama mkono, natazama uso. Uso ukiupita mkono kwa weupe, najua nimekosea, narudi nyuma. Wengine hubeba kadi ya kijivu wakaipiga picha kwanza ili kompyuta ipate rangi ya kuanzia. Nami ninayo, ila mkono wa mtu haudanganyi, na huwezi kuusahau nyumbani.

Niseme hapa kama mwenyekiti kwamba nimetazama picha nyingi za harusi za miaka hii, na kipimo hicho cha mkono kinaziangusha nyingi. Bibi harusi ana uso wa rangi moja na vidole vya rangi nyingine, pete ikiwa katikati kama shahidi.

MPIGA PICHA: Tena, mwalimu, usidhani kamera isiyoguswa haina upande. Miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilianza kuwapelekea wenye maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ili mashine zipangwe mpaka ngozi yake itoke vizuri. Kadi ikaitwa Shirley, jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Yeye akitoka vizuri, kazi imekwisha. Mtu mweusi akitoka meno na macho tu, hilo halikuwa kosa la mashine. Filamu zilianza kurekebishwa miaka ya 1970, na mojawapo ya sababu ni kwamba watengenezaji wa samani na wa chokoleti walilalamika kuwa mbao na chokoleti zao hazitoki vizuri kwenye matangazo.

NYANYA: Kwa hiyo chokoleti ilihurumiwa kabla yetu.

MPIGA PICHA: Ndivyo, Nyanya. Na hata simu hizi, ni juzi tu, 2021, ambapo Google walitangaza simu iliyopangwa makusudi kuzisoma ngozi nyeusi ipasavyo. Kwa hiyo ninapokaa na picha yako kwenye laptopu, sehemu ya kazi yangu ni kulipa deni la mashine. Nikiiacha ilivyotoka, nimekubali uamuzi wa mtu wa mbali ambaye hakukufikiria.

MWALIMU: Hoja hiyo nimeipokea. Sasa nataka kuona hiyo picha ya tatu, maana naona mmeificha.

BINTI: Haijafichwa, mwalimu. Ni yangu. Niliichukua ile ya kwanza nikaipitisha kwenye simu. Programu inautambua uso yenyewe. Ngozi imelainika, macho yamefunguka, kidevu kimechongoka kidogo. Haikuchukua hata dakika moja. Nilitaka nyanya yangu apendeze kama wanavyopendeza nyanya za wengine.

NYANYA: Lete nione. (Anashika simu, anaisogeza mbali, anairudisha karibu.) Huyu ni binti ya nani?

BINTI: Ni wewe, Nyanya!

NYANYA: Mimi nina alama hapa, kwenye shavu. Niliangukia jiwe nikichota maji, kabla mama yako hajazaliwa. Huyu hajawahi kuchota maji.

MWALIMU: Huo, binti yangu, ni mkorogo wa kompyuta. Mkorogo wa dukani unaunguza ngozi, huu unaunguza kumbukumbu. Na usidhani ni jambo la vijijini. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada, wakamfuta nywele zake za asili zilizokuwa zimefungwa nyuma, na zilizobaki wakazilaza. Yule ni mshindi wa tuzo ya Oscar, ana mawakili, ana wasemaji, na bado hakuulizwa. Alichapisha picha mbili bega kwa bega, ya asili na iliyoguswa, akasema wazi kwamba angeulizwa asingekubali urithi wake ufutwe. Mpiga picha An Le akaomba radhi hadharani. Sasa kama Lupita hakuulizwa, nyanya wa Makwasinyi ataulizwa na nani?

BINTI: Mwalimu, Lupita alikasirika kwa kuwa waliomgusa ni wengine. Mimi namgusa nyanya yangu kwa mapenzi.

MWALIMU: Waliomgusa Lupita nao wangesema walimpenda.

BINTI: Sawa. Lakini mnazungumza kana kwamba zamani watu walipigwa picha wakaachwa walivyo. Studio za Mombasa na Zanzibar walikuwa wakichonga penseli na kufuta makunyanzi juu ya negativu, wakipaka rangi mashavuni kwa brashi. Watu walivaa suti ya kuazima ya studio. Kule Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha wa kivukoni walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, mtu anasimama mbele ya ndege ambayo hatapanda maisha yake yote, anatuma picha nyumbani. Mbona hao hamwaiti waongo? Msichana wa leo akilainisha chunusi mnamletea Lupita!

Binti ameshika kitu hapo, na mwalimu amenyamaza kidogo. Studio ya pwani haikuwa mahali pa ushahidi. Watu walikwenda studio ya N. V. Parekh pale Mombasa kwa sababu walijua watatoka kama waigizaji wa sinema. Pazia la Likoni halikumdanganya mtu, kwa kuwa liliandikwa uongo wake usoni: mikunjo inaonekana, rangi inaonekana, na jirani anajua kabisa huyu hajaruka. Jambo ni tofauti kidogo kwa simu. Pazia ulisimama mbele yake ukiwa bado wewe. Simu inakuondoa wewe na kuiacha ndege.

MPIGA PICHA: Kwa kuwa tunasema yote, kuna picha ya nne. Niliitengeneza kwa ajili ya kikundi. Mnunuzi alipendekeza picha yenye "uhai". Lile anga tupu lilikuwa linaua picha, kwa hiyo nikalibadilisha. Tangu 2020 Photoshop inafanya hivyo yenyewe: unachagua anga unalotaka kwenye orodha, inalikata la zamani, inalipachika jipya, hata rangi ya uso inailinganisha. Tazameni, mawingu makubwa juu ya Kasigau. Mtu wa mauzo aliipenda kuliko zote.

NYANYA: Mawingu hayo ni ya wapi?

MPIGA PICHA: Ni ya kwenye programu, Nyanya.

NYANYA: Nauliza ni ya wapi. Wingu lina kwao.

MPIGA PICHA: Kwa kweli sijui. Ulaya, labda.

NYANYA: Mwanangu, mimi ule ukame wa juzi niliuhesabu. Mvua ilikosa 2020 mwishoni, ikakosa ya masika, ikakosa ya vuli, ikakosa tena na tena, misimu mitano. Mahindi yalikufa yakiwa ya kiganja. Ndovu walishuka kutafuta maji mpaka kwenye matangi. Tulitazama mlima huo kila asubuhi tukitafuta kitu hiki ulichokiweka kwa kidole. Wewe umekiweka kwa sababu picha ilikuwa haina uhai. Na sisi hatukuwa nao.

MWALIMU: (kwa sauti ya chini) Hapo sina la kuongeza.

MPIGA PICHA: Lakini Nyanya, nia ilikuwa kuuza kikapu, si kutangaza hali ya hewa.

NYANYA: Anayenunua kikapu anaona nini? Anaona mama amekaa, mvua inakuja, mambo mazuri. Mwaka tukimwambia hakuna chakula, atasema, mbona nilimwona na mawingu yake?

Huu ndio moyo wa jambo, nami sitaki kuupita haraka. Makunyanzi ya Nyanya ni mali yake, na akitaka yapunguzwe tunaweza kubishana naye kwa adabu. Anga ni la kijiji kizima. Picha ya mtu aliyepigwa nje haina mtu peke yake ndani yake. Ina majira, ina udongo, ina kiasi cha majani kwenye mti, ina hali ya bati la nyumba. Mpiga picha wa studio anatawala kila kitu kwenye chumba chake kwa sababu amekilipia kodi. Aliyetoka nje ameazima nuru na mahali, na vilivyoazimwa havibadilishwi bila mwenyewe kujua.

MWALIMU: Naongeza kitu kwa upande wa pili, mpiga picha asijione ameonewa. Tumeona na wanaokuja kutupiga picha kwa ajili ya ukame. Hao hawapachiki mawingu, wanafanya kinyume. Wanapunguza rangi mpaka majani machache yaliyosalia yanakuwa kijivu. Wanaongeza ukali wa mikunjo usoni, mpaka mama wa miaka hamsini anaonekana wa tisini. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichofutwa, kila kunyanzi ni lake. Na bado huyo si yeye. Mnakumbuka jalada la jarida la Time la Juni 1994? Waliichukua picha ya polisi ya O. J. Simpson wakaitia giza. Wiki hiyo hiyo Newsweek ikachapisha picha hiyo hiyo bila kuigusa, zikakaa pamoja kwenye vibanda vya magazeti, kila mpita njia akaona. Kutia giza nako ni kuhariri. Kumfanya mtu aonekane maskini zaidi ni kuhariri.

BINTI: Kwa hiyo anayeboresha ana makosa, anayechakaza ana makosa. Nani ana haki?

MPIGA PICHA: Wanahabari wanayo kanuni yao. Mwaka 2015 waandaaji wa World Press Photo waliomba mafaili ya asili ya picha zilizokaribia kushinda, wakazilinganisha, na picha moja katika kila tano ikaondolewa, nyingi kwa sababu vitu viliongezwa au kufutwa, au giza lilitiwa mpaka kitu kikapotea kabisa. Kwao nuru inaruhusiwa kurekebishwa kwa kiasi, vitu haviguswi. Kwa picha ya habari nakubaliana nao asilimia mia. Ila mimi si mwanahabari. Siku ya Jumamosi niko harusini Wundanyi, Jumapili niko kwenye ubatizo Mwatate. Mteja ananilipa apendeze.

MWALIMU: Na hii ya kikapu ni harusi au ni habari?

MPIGA PICHA: ... Hii ni biashara.

MWALIMU: Hata biashara imewekewa sheria kwingine. Ufaransa tangu 2017 tangazo lililobadilisha umbo la mwili wa mwanamitindo lazima liandikwe kwamba limeguswa. Norway nao wakaanza yao Julai 2022.

BINTI: Tuandike kwenye kikapu, "Onyo: mawingu si yetu"?

Wanacheka wote, Nyanya kuliko wote. Kisha anaweka kikapu chini na kuomba kitu ambacho hakuna aliyekitazamia.

NYANYA: Mimi nina ombi kwa mpiga picha. Babu yenu alifariki kabla sijapigwa naye picha hata moja. Kilichobaki ni kitambulisho chake. Nimesikia mnaweza. Mtoe kwenye kitambulisho, mketishe hapa kando yangu, mbele ya mlango. Alipenda kukaa upande huu, wa kushoto.

MWALIMU: Nyanya! Umekataa wingu, sasa unataka mtu mzima?

NYANYA: Nataka.

MWALIMU: Lakini hakuketi hapo siku hiyo. Nyumba yenyewe hakuiona ikiezekwa bati. Hata umri hautalingana: yeye atakuwa kijana wa kwenye kitambulisho, wewe mzee wa leo. Huo ndio uongo mkubwa kuliko yote tuliyoyataja.

NYANYA: Nitamdanganya nani, mwalimu? Picha itakaa ukutani mwangu. Kila anayeingia humu ndani alimzika, au alizaliwa akaambiwa amezikwa. Hakuna atakayesema, lo, babu amerudi. Watasema, Nyanya amemweka mzee wake kando yake. Na ndivyo ilivyo.

Hapa niliwaacha wanyamaze. Ombi la Nyanya si geni pwani yetu. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki 1993, alikuwa hodari wa kukata na kuunganisha picha kwa mkono miaka mingi kabla ya Photoshop kuingia sokoni 1990, akawapachika wateja wake mahali ambapo kamera isingeweza kuwafikisha. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na vijana wa vibanda vya kuchapisha kwenye kila mji, na wateja wao wengi ni wafiwa. Picha ya kitambulisho ni ndogo, imechakaa, ina muhuri unaokata bega. Fundi anaikuza, anajaza bega kwa koti la kubuni, anatafuta nuru ilitoka upande gani, maana marehemu akiwa na kivuli cha kushoto na mjane ana cha kulia, picha inakataa. Ni kazi ya heshima. Ni uhariri mzito kuliko wa binti na simu yake.

BINTI: Kwa hiyo Nyanya ameniokoa. Picha ya ukutani ni ya mwenye ukuta.

MPIGA PICHA: Na ya sokoni?

MWALIMU: Ya sokoni inamfikia mtu asiyetujua. Huyo hana namna ya kuuliza alama ya shavuni ilikwenda wapi, wala mawingu yalitoka wapi. Atakachoonyeshwa ndicho atakachoamini. Nyie vijana mnajua habari za Kasigau za vita vya kwanza? Mwaka 1915 Wajerumani waliingia huku, Waingereza wakawatuhumu wazee wetu kwamba waliwasaidia, wakawahamisha kijiji kwa kijiji hadi Malindi. Wengi walifia huko. Ilitosha maelezo kuandikwa na watu wasiotujua na kusomwa na wengine wasiotujua. Ndiyo maana mimi nikisikia picha yetu inakwenda mbali, nataka iende na alama zake zote. Huku nyumbani bandikeni mtakacho.

MPIGA PICHA: Mwalimu, nikikubali hilo, nitapoteza wateja. Mnunuzi anataka anga.

MWALIMU: Mrudie Nyanya kesho asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado chini. Anga litakuwa na rangi yake, macho yataonekana, hutahitaji nusu ya hivyo vitufe. Hilo linakugharimu usingizi tu.

MPIGA PICHA: (anacheka) Na mafuta ya pikipiki kutoka Voi.

NYANYA: Lala hapa. Chakula kipo.

Binti aliuliza swali moja kabla hawajainuka, nalo lilikuwa la maana kuliko walivyolichukulia: je, Nyanya aliulizwa kabla picha yake haijapewa mtu wa mauzo? Mpiga picha alisema aliulizwa kupigwa. Kuguswa hakuulizwa. Wapiga picha wetu wengi wamesimama hapo hapo. Wanaamini kwamba mtu aliyekubali kuketi mbele ya lenzi amekubali na yote yatakayofuata kwenye laptopu, wiki mbili baadaye, mji mwingine, kwa kidole cha mtu ambaye hakuwepo.

Sikubaliani nao. Hukumu yangu juu ya picha nne za Makwasinyi, na ya tano iliyoombwa na Nyanya, ni hii. Ya kwanza, isiyoguswa, isitumike kokote isipokuwa kwenye hifadhi, na isifutwe, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha kilichobadilishwa. Ya pili, iliyotolewa macho gizani na kupimwa kwa mkono, iende na vikapu. Ya tatu, ya simu, ibaki kwa binti, na akitaka kuituma kwa marafiki zake amwambie nyanya yake kwanza. Ya nne, yenye mawingu ya Ulaya, itupwe. Ya tano, ya babu na koti lake la kubuni, itengenezwe, ichapishwe kubwa na kutiwa fremu, nami niko tayari kuchangia fremu.

Kwa mpiga picha yeyote wa Voi, Mwatate, Taveta au Wundanyi anayesoma haya: kabla hujaikabidhi kazi kwa mwenye kulipa, mwonyeshe mwenye uso, kwenye kioo cha simu yako kama huna kingine, picha ya kwanza na ya mwisho zikiwa pamoja. Anayeona kwamba ametolewa sura isiyo yake naye ajue ana pa kwenda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa Mkenya haki ya kuarifiwa taarifa zake zitatumikaje, na haki ya kudai taarifa za uongo au za kupotosha zisahihishwe au zifutwe. Na picha ya uso wako ni taarifa yako. Hilo si la kwenye karatasi tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuulizwa.

Malalamiko hupokewa na ofisi hiyo hiyo.